Grisi ya beringi za magurudumu kwa Land Rover ya zamani ya jeshi: jinsi ya kuichagua na kuitia

Ukiingia duka la spea ukaomba grisi ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, muuzaji atakuuliza: "Ya bluu au nyekundu?" Swali hilo halina jibu. Kila kiwanda hutia rangi kinayoitaka ili kopo lake litambulike, na bluu ya huyu si bluu ya yule. Nimeshakuta grisi mbili za bluu kwenye rafu moja, bei karibu sawa, moja ya lithiamu na nyingine ya poliurea. Ukizichanganya ndani ya beringi moja zinaweza kulegea zikawa uji.

Naandika kwa kufuata Land Rover 109 ya Series III iliyotoka jeshini, kwa sababu ndiyo ninayohangaika nayo hapa Iringa: umeme wa volti 24, matangi mawili ya mafuta chini ya viti vya mbele, breki za dramu magurudumu yote manne. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata iliyo kitinda mimba ina miaka 40 mgongoni. Mengi ya humu yatamfaa pia mwenye jeep ya Willys au trela la jeshi, mradi beringi zake ni za rola za mshazari zinazokazwa kwa nati.

Watu wengi huchagua grisi kwa kuogopa joto. Kwa gari la aina hii mimi naweka joto nafasi ya tatu. La kwanza ni grisi iliyomo tayari, la pili ni maji gari linayoyavuka.

Kilichomo ndani ya habu

Kila habu ina beringi mbili, ya ndani upande wa oili sili, na ya nje upande wa nati. Kila beringi ina vipande viwili: koni yenye rola zake ndani ya keji, na kikombe kilichopigwa ndani ya habu kikakaza. Rola zinaviringika juu ya kikombe, lakini vichwa vyake vinasugua ukingo wa koni. Pale kwenye ukingo hakuna kuviringika, ni kusuguana, na hapo ndipo dawa za kuhimili mgandamizo mkubwa, zile zinazoandikwa EP kwenye kopo, zinapolipa gharama yake.

Mwendo wa beringi hizi si mkubwa. Tairi la 7.50-16 likizunguka mara moja gari linasogea mita 2.5 hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa, ambayo kwa gari hili ni kukimbia kwelikweli, habu inazunguka mara 530 hivi kwa dakika. Feni ya dinamo inazunguka kuliko hapo. Grisi zinazotangazwa kuwa za mwendo kasi ni za mashine nyingine.

Grisi yenyewe ifikirie kama nazi iliyokunwa. Tui ndilo linalopika mchuzi. Chicha kazi yake ni kulishika mpaka likamuliwe. Kwenye grisi, tui ni mafuta, na chicha ni sabuni ya lithiamu, kalsiamu, sodiamu, au kizito kingine kama udongo au poliurea. Beringi inalainishwa na mafuta yanayotoka kidogo kidogo kwenye chicha. Ukifungua habu ukakuta kitu kigumu, kikavu, cheusi kimegandia ukutani, hilo ni chicha lililobaki baada ya tui kwisha. Kuongeza tui jipya juu ya chicha la zamani hakusaidii.

Hatua ya 1: Tambua grisi iliyomo

Magari ya jeshi yana historia ndefu ya kupakwa grisi na mikono mingi. Kitabu cha Land Rover cha enzi zile kilitaja grisi kama Castrol LM na BP Energrease L2, ambazo ni za lithiamu, ugumu namba 2. Kikosini zilitumika zilizokuwapo bohari. Ukikuta kopo la jeshi lenye namba G-403, hiyo ni namba ya NATO ya grisi ya magari na mizinga. Wamarekani huiita GAA. Ni grisi nzuri, ila iliundwa ifanye kazi hata kwenye baridi inayoshuka chini ya nyuzi 50 za hasi, baridi ambayo Makambako yenyewe haijawahi kuiota. Zaidi ya hapo, matoleo yake yamebadilishwa mara nyingi tangu vita baridi, kwa hiyo kopo la zamani na jipya visichukuliwe kuwa kitu kimoja. Kopo la ziada la jeshi lililokaa ghalani miaka 30 mimi nalitumia kwenye bawaba za milango.

Jeep za vita ya pili zina kisa chao. Vitabu vyake viliagiza grisi ya pekee kwa beringi za magurudumu, mbali na ile ya chasisi, kwa sababu grisi ya lithiamu ya kufanya kazi zote ilikuwa ndiyo kwanza inazaliwa, miaka ya 1940. Grisi nyingi za beringi wakati ule zilikuwa za sabuni ya sodiamu, zenye nyuzinyuzi ndefu. Ukiivuta kati ya vidole inatoa uzi kama bamia. Hii inavumilia joto lakini inayeyuka kwenye maji kama sabuni ya kufulia, kwa maana ndivyo ilivyo.

Vipimo vyangu vya nyumbani ni vitatu, na havihitaji maabara.

Chota kidogo weka kiganjani, tia maji matone machache, sugua kwa kidole. Ikigeuka nyeupe na kutoa kitu kama povu, shuku sodiamu, au grisi iliyokwisha kunywa maji. Ya lithiamu au kalsiamu iliyo nzima itayakataa maji, yataviringika juu yake.

Kipimo cha pili ni cha vijiko. Chukua vijiko viwili vya zamani, kimoja weka grisi ya lithiamu unayoijua, kingine hiyo isiyojulikana, viweke sambamba juu ya kikaango kwenye jiko la moto mdogo, nje, penye hewa. Grisi ya bei rahisi ya kalsiamu italegea mapema sana, maana kiwango chake cha kudondoka ni karibu na joto la maji yanayochemka. Ya lithiamu ya kawaida inangoja mpaka nyuzi 180 au 190 hivi. Ya udongo haiyeyuki kabisa. Itatoa moshi na kukauka lakini haitakuwa maji. Usikiache kijiko mpaka kiwake.

Kipimo cha tatu ni pua na vidole: harufu ya kuungua, punje za mchanga, vumbi la chuma linalong'aa unapoisogeza kwenye jua.

Hata hivyo vipimo hivi vinakusaidia kushuku tu, havikupi cheti. Ukishuku, safisha yote. Mimi nilijifunza hilo Kitonga. Nilikuwa nimefungua habu ya mbele kulia, nikapangusa grisi ya zamani kwa tambara bila kuiosha, nikajaza grisi mpya ya udongo niliyoambiwa "haiyeyuki hata ukiichoma". Ya zamani ilikuwa ya lithiamu. Siku ya tatu nikawa nateremka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, nyuma yangu lori la mbao. Nikikanyaga breki, gari linavuta kushoto. Mara ya pili linavuta zaidi. Nikashusha gia, nikateremka na injini mpaka chini, kwapa zimelowa. Nilipoegesha nikaona ukuta wa ndani wa tairi la kulia una michirizi ya mafuta iliyotawanyika kama miale ya jua kwenye mchoro wa mtoto. Tulipovua dramu, grisi zile mbili zilikuwa zimekuwa uji wa ulezi, rangi ile ile na uzito ule ule, zimepita kwenye oili sili na kulowesha laining za breki. Laining iliyonywa mafuta haioshwi ikapona. Nilizitupa zote mbili.

Grisi ya udongo haikuwa na kosa, kila moja peke yake ingefanya kazi. Kosa lilikuwa kuziozesha.

Kwa kukumbuka haraka: lithiamu ya kawaida na lithiamu kompleksi zinapatana. Lithiamu na kalsiamu kwa kawaida zinavumiliana, ila mchanganyiko unashuka uwezo wa joto. Udongo haupatani na karibu yeyote. Poliurea na lithiamu ni bahati nasibu. Sodiamu isikutane na mtu.

Hatua ya 2: Jiulize gari linavuka maji gani

Gari la lami pekee halina shida hapa, ruka. Lakini Land Rover ya jeshi hainunuliwi ikae lami.

Maji huingia kwenye habu kwa namna ambayo wengi hawaifikirii. Umeendesha saa nzima, umekanyaga breki mara kwa mara, habu ni ya moto na hewa iliyo ndani imetanuka. Unafika korongo, unaingia kwenye maji baridi mpaka katikati ya magurudumu. Hewa ya ndani inasinyaa ghafla na habu inavuta. Oili sili imeundwa kuzuia kitu kisitoke. Kuzuia kisiingie ni kazi yake ya ziada. Kijiko kimoja cha maji ya tope kinatosha. Kwa hiyo ukifika kwenye kivuko, simama. Kagua njia kwa miguu, kunywa maji, zungumza na wenyeji kuhusu kina. Dakika 15 au 20 za kungoja habu zipoe zina faida kuliko kopo lolote la bei mbaya.

Anayevuka maji mara kwa mara, au anayefanya kazi kando ya ziwa au bahari, atafute grisi yenye kalsiamu: ama mchanganyiko wa lithiamu na kalsiamu, ama salfoneti ya kalsiamu kompleksi. Hii ya mwisho inazuia kutu vizuri mno, inavumilia mzigo na joto, na inakaa mahali pake hata ikichanganyika na maji kidogo. Ni ghali na haipatikani kila duka. Kwa mtu wa Tanga au Kilwa ningemwambia ainunue bila kufikiri mara mbili. Kwa gari linalovuka korongo mara mbili kwa mwaka, lithiamu kompleksi inatosha, mradi ufungue habu ukague baada ya kila safari ya maji mengi.

Tahadhari na grisi zinazouzwa kama za boti. Baadhi ni za kalsiamu ya kawaida, zinazokataa maji vizuri lakini zinalegea kwa joto ambalo habu ya breki inalifikia bila shida. Trela la boti halina mlima wa kuteremka, wewe unao.

Hatua ya 3: Soma kopo

Geuza kopo, soma maandishi madogo ya nyuma. Mbele ni picha ya lori na miali ya moto, haikuhusu.

Tafuta kwanza NLGI 2. Hicho ni kipimo cha ugumu cha NLGI, taasisi ya grisi ya Marekani: ngazi zinaanzia 000, ambayo inamiminika kama mafuta mazito ya kupikia, mpaka 6, ambayo ni kama kipande cha jibini. Namba 2 inakaribiana na siagi ya karanga iliyokaa mezani. Maabara huipima kwa kudondosha koni ya chuma juu yake na kusoma imezama kiasi gani: kwa namba 2 ni kati ya 265 na 295, kila kipimo kikiwa sehemu ya kumi ya milimita. Namba 1 ni laini mno kwa habu zetu za nchi ya joto. Namba 3 inafanya kazi, ila haina la ziada.

Kisha tafuta aina ya sabuni. Nataka kuona lithiamu kompleksi. Kiwango chake cha kudondoka kinazidi nyuzi 250, na kazini inavumilia karibu 150. Zingatia tofauti ya namba hizo mbili, kwa sababu makopo hupenda kuandika ile kubwa. Kiwango cha kudondoka ni joto ambalo tone la kwanza linaanguka. Kufikia hapo grisi imeshakufa zamani. Lithiamu ya kawaida inayodondoka kwa 190 uitarajie ifanye kazi mpaka 120 au 130 tu. Kwa breki za dramu za gari hili, likiendeshwa kwa busara, hata hiyo inatosha, na ndiyo iliyokuwa kwenye kitabu. Naipenda kompleksi kwa sababu ya milima yetu, na kwa sababu inapatana na mabaki ya lithiamu yaliyojificha kwenye pembe za habu.

Tatu, herufi GC-LB. Ni alama ya NLGI: GC ni daraja la juu la beringi za magurudumu, LB ni daraja la juu la chasisi. Kopo lenye zote mbili limepimwa kwa kazi hizo, na utaweza kulitumia pia kwenye nipeli za propela shafti bila kununua kopo la pili. Makopo ya Ulaya huenda yasiwe nayo, yakawa na msimbo wa Kijerumani kama KP2N-20 au KP2P-20. Usomaji wake ni rahisi: K ni grisi ya beringi, P ina dawa za mgandamizo, 2 ni ugumu, herufi inayofuata ni joto la juu la kazi (K ni 120, N ni 140, P ni 160), na namba ya mwisho ni baridi inayovumilia. Ukiujua msimbo huo, muuzaji hawezi kukudanganya kwa rangi.

Nne, mnato wa mafuta ya ndani, ukiwa umeandikwa: ISO VG 150 hadi 220. Chini ya hapo, utando unakuwa mwembamba kwa gari zito lenye mwendo mdogo. Ukiona 460 ujue hiyo ni ya mashine za ujenzi.

Mfano wa kinachotimiza haya ni Mobilgrease XHP 222: lithiamu kompleksi, namba 2, mafuta ya 220. Ni ya bluu, ndiyo. Zipo nyingine nyingi za sifa hizo hizo; ninachoshauri ni kushika moja na kubaki nayo, kwa sababu fundi atakayefungua habu baada yako atakutana na kitu kimoja.

Zile za kuacha dukani

Grisi ya kupima, inayochotwa kwa kijiti cha mbao kutoka kwenye ndoo isiyo na jina na kutiwa kwenye kopo lililokuwa la rangi ya nyumba. Huenda ni nzuri. Huenda ndoo ilikaa wazi msimu wote wa vumbi. Kwa bawaba za geti sawa, kwa beringi hapana.

Grisi nyeusi yenye moli (unga wa molibdenamu) imetengenezewa hasa viungo vinavyosuguana, kama joiti za ekseli. Kidogo ndani ya grisi ya kawaida hakiui beringi, lakini hakina faida kwenye rola, na weusi wake unakuficha usione uchafu siku ya ukaguzi. Ya grafaiti yenye punje, iache kabisa.

Kwa wenye Series kuna la kuongeza hapa, kwa kuwa nimeshaliona mara mbili: zile tufe kubwa za kukatia kona mbele zinatumia oili ya EP90, si grisi hii. Mtu akichoka na kuvuja kwake anazijaza grisi ya habu, na bushi ya juu na beringi ya chini ndani zinakauka polepole huku nje kukipendeza. Grisi maalumu ya tufe hizo, inayouzwa kwenye pakiti, ni nyepesi kama maziwa mgando na ni kitu tofauti.

Hatua ya 4: Ondoa ya zamani yote

Weka gari juu ya stendi. Jeki peke yake si stendi, na matofali si stendi. Nati ya habu inataka soketi ya milimita 52. Anayetumia patasi na nyundo utamjua kwa alama alizoacha, na magari ya mnada yote yana alama hizo.

Osha koni kwa mafuta ya taa na brashi, kwenye beseni, mara mbili, mafuta ya mara ya pili yawe masafi. Petroli inaacha chuma kikavu mno na inawaka kwa cheche. Ukikausha kwa upepo wa kompresa, shika keji isizunguke. Vijana hupenda kuizungusha kwa upepo ili ilie kama king'ora. Rola ikichomoka kwa mwendo huo inatoboa jicho.

Sasa angalia kwenye mwanga. Rangi ya bluu au kahawia kwenye rola ni joto. Vishimo ni uchovu wa chuma. Lakini kwenye gari la jeshi lililokaa uwanjani miaka bila kusogezwa kuna alama ya pekee: geuza kikombe ndani ya habu, upande uliokuwa chini utaona mistari midogo iliyopangwa kwa nafasi sawa kama meno ya kitana. Ni mahali rola zilipokaa juu ya chuma, grisi ikakamuliwa ikatoka, unyevu ukaingia. Pitisha ncha ya kalamu ya wino juu yake. Ikikwama, beringi hiyo imekwisha hata kama inazunguka kimya mkononi. Badili koni na kikombe chake pamoja. Kikombe kipya na koni ya zamani haviwezi kuwa jozi.

Habu nayo ioshwe ndani, pembe zote. Ukikuta humo mafuta mepesi yenye harufu kali ya salfa, hiyo ni oili ya difu iliyosafiri kwenye bomba la ekseli. Usilaumu grisi. Kagua tundu la kupumulia juu ya ekseli: likizibwa na tope, ekseli ikipata moto presha inapanda na oili inasukumwa hadi kwenye habu, inaiosha grisi yako yoyote ile. Tundu hilo hufunguliwa kwa dakika 5, na limewapotezea watu beringi nyingi.

Hatua ya 5: Ijaze kwa mkono

Nawa mikono. Weka donge la grisi ukubwa wa limau kwenye kiganja cha kushoto. Shika koni kwa mkono wa kulia, upande mpana ukiangalia chini, kisha likwangue donge kwa ukingo wa koni huku ukibonyeza kuelekea kiganjani, kama anayekomba sufuria. Mara ya kwanza, ya pili, hutaona kitu. Ya tano au ya sita, grisi inachomoza upande wa juu kati ya rola, vijidonge vidogo vilivyopangana. Hapo sogeza nafasi ya rola mbili, endelea, mpaka uzunguke koni nzima. Kisha paka nje ya rola. Anayepaka kwa nje tu kwa kidole ameacha ndani ya keji pakavu, na beringi itaishi na kilichopo nje mpaka kitakaposukumwa pembeni.

Vikombe vipake utando mwembamba. Nafasi iliyo katikati ya habu, kati ya beringi mbili, ijaze theluthi moja tu, ukiipaka ukutani kama pete. Hili linabishaniwa kila gereji. Grisi iliyojaa pomoni haina pa kwenda ikipata joto. Inasukasukwa, inaongeza joto lenyewe, kisha inatafuta njia ya kutokea, na njia ni oili sili, na ng'ambo ya oili sili ni breki.

Oili sili iwe mpya kila mara, midomo yake ipakwe grisi kabla haijaingia. Kabla ya hapo pitisha ukucha kwenye ile pete ya chuma ambayo sili inaikalia kwenye stabu ekseli. Ukucha ukiingia kwenye mfereji, sili mpya itavuja wiki ya kwanza, badili pete.

Hatua ya 6: Kaza, legeza, pima

Rudisha habu, kaza nati huku unazungusha habu kwa mkono ili rola zijipange, kisha ilegeze mpaka upate mchezo mdogo. Kitabu cha gari lako kinataja kipimo kamili. Ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kitu unachokisikia vidoleni zaidi ya kukiona. Mwenye saa ya kupimia aitumie. Asiye nayo ashike tairi juu na chini alitikise: mtikisiko mdogo kabisa, bila kugonga. Beringi iliyokazwa bila mchezo itapika grisi ya aina yoyote. Washa ya kufungia nati iwe mpya, ikunje vizuri, kisha kaza nati ya pili.

Hatua ya 7: Safari ya kwanza

Endesha kilomita 20 barabara isiyo na mteremko mkali, ukigusa breki kidogo iwezekanavyo, kisha simama bila kupiga breki ndefu. Gusa habu zote nne kwa nyuma ya kiganja. Vuguvugu ni sawa. Ya moto kiasi cha kushindwa kuishika kwa kuhesabu mpaka tano, rudi nyumbani taratibu ukaifungue. Linganisha pande: moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, shuku mchezo wa nati au breki inayobana kabla hujashuku grisi. Rudia kugusa baada ya kilomita 100, uangalie pia ukuta wa ndani wa kila tairi.

Baada ya hapo mimi nafungua mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, na kila ninapotoka kwenye maji yaliyofika habu. Grisi ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, ioshwe yote.

Ndani ya boksi la betri, upande wa kifuniko, nimeandika kwa kalamu ya rangi jina la grisi, aina ya sabuni yake na tarehe ya kila habu. Habu ya mbele kulia ina mistari miwili zaidi ya wenzake.